JEMBE LA MKONO: MTUMISHI ASIYESTAAFU
Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kilosa na Mikumi

Mwezi Juni mwaka 2015, jembe la mkono lilipewa notisi ya kustaafu. Notisi hiyo haikutolewa na mtu mdogo, wala haikutolewa gizani. Wakuu wa nchi za Afrika walikuwa wamekutana Johannesburg katika kikao cha Umoja wa Afrika, na hapo Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja huo, Dkt. Nkosazana Dlamini-Zuma, alitangaza azma kwamba ifikapo mwaka 2025 jembe liwe limepelekwa makumbusho, na kazi yake ishikwe na mashine. Kama ishara ya nia hiyo, wakuu wa nchi walikabidhiwa pawatila. Jembe lenyewe halikualikwa kujitetea. Lilikuwa shambani.

Mwaka 2025 umefika na kupita. Atakayeshuka garini Kilosa, au atakayeteremka basi pale Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa, katika wiki za kutayarisha mashamba, ataliona jembe likielekea kazini begani mwa mwenyewe kama kawaida, bila dalili yoyote ya kujua kwamba muda wake wa utumishi ulikwisha. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita Kilosa kwa mwendo unaofikia kilomita 160 kwa saa. Abiria akitazama dirishani asubuhi, anachokiona nje ni jembe. Kwa hiyo ni haki kwamba mtumishi huyu aandikiwe wasifu wake: ametoka wapi, amefanya nini, kwa nini hajaondoka, na chama cha msingi kimtendee nini maadamu bado yupo.

Ukoo wa jembe

Jembe ni mjukuu wa jiwe. Katika korongo la Isimila, yapata kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, yametapakaa mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Hayana mpini, mtu aliyakamata kwa kiganja. Baadhi ni makubwa na mazito kiasi kwamba wataalamu wamebishana kama kweli yalikuwa ya kazi au yalikuwa ya kujionyesha. Mabishano ya namna hiyo yanasikika hata leo kuhusu matrekta ya watu fulani.

Baada ya jiwe lilikuja chuma, na hapa nchi ya Tanzania haina haja ya kuomba ushahidi kwa jirani. Katuruka, katika Buhaya, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt na wenzake walifukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yanayokaribia umri wa miaka 2,000, na wazee wa huko waliwaonyesha kwa vitendo jinsi kazi ilivyofanywa. Upare kulikuwa na ukoo mzima, Washana, ambao kazi yao ilikuwa uhunzi, na chuma cha Upare kilivuka mbuga hadi Uchaga. Usumbwa na Ufipa nako moto wa tanuri haukuzimika kwa karne nyingi. Jembe la wakati huo halikuwa na tundu la mpini kama la dukani. Lilikuwa na mkia mrefu uliochongoka, ambao ulipigwa ukapenya katika kichwa kinene cha mpini. Kadiri mkulima alivyolima, ndivyo mkia ulivyozidi kukaza. Mhunzi aliyebuni jambo hilo hakusoma chuo, lakini kazi ya mkulima ilikaza jembe lake bure.

Jembe halikuwa zana tu. Lilikuwa pia fedha. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliposhuka kwenda pwani walibeba majembe ya kulipia hongo na chakula njiani, hasa walipopita Ugogo, kabla ya kuteremka kwenye milima ya Usagara. Katika makabila mengi jembe liliingia katika mahari. Inafaa makatibu walifikirie jambo hili kwa makini. Hapa ni fedha ambayo mtu hawezi kuila wala kuinywa, haiozi upesi, na ikiachwa bila kazi inapata kutu mbele ya macho ya wote. Zipo akaunti za vyama ambazo zingefaidika na fedha ya aina hiyo.

Wala heshima ya jembe si ya Afrika peke yake. Katika Misri ya kale, yapata miaka 5,000 iliyopita, kichwa cha rungu la kifalme kilichorwa mfalme ameshika jembe, akionekana kufungua mfereji. Jiwe hilo limehifadhiwa Oxford, Uingereza. Na katika nchi ya Sumeri, ambayo leo ni sehemu ya Iraki, waandishi wa miaka 4,000 hivi iliyopita waliandika juu ya vibao vya udongo kesi ya Jembe na Plau. Plau katika kesi hiyo ni bwana mkubwa: mfalme mwenyewe humshika, na sherehe hufanywa kwa ajili yake. Jembe linajibu bila haya. Plau huyo, linasema, anafanya kazi sehemu ndogo tu ya mwaka, anataka ng'ombe wengi na watu wengi wa kumsindikiza, naye huvunjika mara kwa mara. Jembe linachimba mifereji, linatengeneza udongo wa matofali, linajenga nyumba ya maskini, nalo liko kazini karibu mwaka mzima. Mungu Enlil akasikiliza pande zote mbili, akatoa hukumu: Jembe limeshinda. Hoja za plau na jembe zinazosikika katika mikutano mikuu ya vyama hazijabadilika sana tangu hukumu hiyo.

Tanzania nayo imelipa jembe cheo. Katika Nembo ya Taifa, jembe na shoka vimepishana juu ya ngao. Bendera ya Chama cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977, ina jembe na nyundo. Zambia imeweka jembe na sururu katika nembo yake. Msumbiji, mwaka 1983, iliweka katika bendera jembe, bunduki na kitabu pamoja, na kati ya hivyo vitatu ni jembe pekee lililokuwa likijulikana katika kila nyumba. Mwalimu Nyerere, alipoeleza maana ya Ujamaa mwaka 1962, alitumia methali ambayo kila mtoto anaifahamu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, mwanafunzi wa shule ya msingi alikwenda shuleni na daftari mkono mmoja na jembe mkono wa pili, na wapo watu wazima wengi waliojifunza hesabu ya kugawanya kwa kugawana matuta.

Lugha yenyewe imelishuhudia. Mtu hodari wa kazi siku hizi huambiwa kwamba yeye ni jembe. Mtu hodari wa maneno hupiga vijembe. Chama kizuri kinahitaji wa kwanza wengi na wa pili wachache.

Jembe la hiari na jembe la shuruti

Isidhaniwe kwamba historia yote ya jembe ni sifa. Jembe lilishikwa pia kwa kulazimishwa. Mwaka 1905 Umatumbi watu waling'oa pamba ya mashamba ya shuruti ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Karibu zaidi na Kilosa, katika milima ya Uluguru, serikali ya Kiingereza iliwaamuru watu katika miaka ya 1950 wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilisemwa kuwa njema, lakini hakuna aliyewauliza wenye mashamba. Matuta hayo yalihitaji kazi nyingi, na mahali pengi yalifukua udongo mbaya wa chini na kuuleta juu. Mwezi Julai 1955 zikatokea ghasia Matombo, jembe likawekwa chini, na mpango ukaachwa. Viongozi wa vyama wanaopenda kupitisha maazimio ya kilimo bila mkutano wa wanachama wafike Matombo siku moja wakaulize wazee.

Sukumaland ni mfano wa upande wa pili. Huko vijana walilima mashamba kwa vikundi, wakipiga ngoma na kurusha majembe juu na kuyadaka, na ngoma ya bugobogobo imetoka katika kazi hiyo hiyo. Jembe ni lile lile, jua ni lile lile. Tofauti ni kwamba walijua shamba ni la nani na chakula cha jioni ni cha nani.

Waliojaribu kulistaafisha

Umoja wa Afrika haukuwa wa kwanza. Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Kongwa, ng'ambo ya pili tu ya milima ya Ukaguru, na mizigo yake ilipita Kilosa kwa reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1947 ilianzisha Mpango wa Karanga: ekari 3,210,000 zifyekwe na kulimwa kwa mashine katika Afrika Mashariki, sehemu kubwa yake Tanganyika. Waliletwa madereva, mafundi na matrekta yaliyochakazwa vitani. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ikavunja vyuma. Mvua ikakataa. Udongo, ambao wenyeji wa Ugogo waliufahamu vizuri na hawakuulizwa, ulikauka ukawa kama tofali, na karanga zikabaki zimefungiwa ndani yake. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na serikali ya Uingereza ikafuta katika vitabu vyake hasara ya pauni milioni 36. Kwa fedha hizo yangeweza kununuliwa majembe ya kutosha kila mtu wa Tanganyika, na yangebaki mengine ya kupeleka Uingereza, wakajaribu huko.

Mwalimu Nyerere alipoongoza nchi alirudia mara nyingi kwamba mkulima asiruke kutoka jembe la mkono hadi trekta asilolimudu, bali apitie plau ya ng'ombe. Katika mikoa yenye ng'ombe ushauri huo ulisikika. Wakati huohuo nchi iliamua kutengeneza majembe yake yenyewe: kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China, na baadaye kingine kikajengwa Mbeya. Kabla ya hapo jembe la dukani lilikuwa la ng'ambo, na mengi yalitoka kwa kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, yakiwa na alama ya mamba. Wazee hawakusoma jina la kampuni, walisoma mamba.

Halafu ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wakati fedha za kigeni zilipokauka na chuma kikapungua viwandani. Jembe likaadimika. Chombo ambacho babu alikipata kwa mhunzi kwa kubadilishana na kuku kikawa cha kugawiwa kwa orodha. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982. Kwa hiyo, katika miaka mibaya ya jembe, wakulima wengi hawakuwa na chombo chao cha kununulia zana kwa pamoja. Upungufu wa sukari unaleta manung'uniko. Upungufu wa majembe unaleta njaa ya mwaka unaofuata, kwa sababu ekari isiyolimwa Oktoba haiwezi kulimwa Aprili kwa kujuta.

Mwaka 2009 kaulimbiu ilikuwa Kilimo Kwanza, na pawatila zikaja kwa wingi. Pale ambapo kulikuwa na mashamba ya mpunga yaliyo tambarare, fundi wa karibu na vipuri dukani, zilifanya kazi. Pale ambapo kimojawapo kilikosekana, kuku walipata mahali pazuri pa kulala.

Kwa nini jembe halijaondoka Kilosa

Zipo sababu, nazo si uvivu wala ujinga wa mkulima kama inavyodaiwa katika hotuba za watu wanaokaa mbali na mashamba. Sababu ya kwanza ni mbung'o. Mikumi imezungukwa na pori. Hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na mahali penye mbung'o ng'ombe wa kazi hafiki mbali. Ndiyo kusema kwamba ile ngazi ya kati, plau ya ng'ombe, kwa vijiji vingi vya upande huo haikuwapo kamwe. Sababu ya pili ni mwinuko. Anayelima katika miteremko ya Ukaguru, au milimani Vidunda, hawezi kuita trekta huko juu, na likipanda, kazi itakuwa ni kuliteremsha. Sababu ya tatu ni udongo wa tambarare ya Mkata, mweusi na mzito, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa masika hugeuka kinamasi. Stanley alipoivuka tambarare hiyo mwaka 1871 katika mvua, msafara wake uliteseka matopeni kwa siku kadhaa. Trekta linalongoja udongo huo ukauke kidogo, lakini usikauke sana, lina siku chache sana za kazi, na siku hizo kila mkulima analitaka.

Sababu ya nne ni mafuriko. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukavunja reli na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Katika siku kama hizo mtu hukimbia na watoto, nguo na jembe. Maji yakishuka, jembe ndilo linaloondoa tope ndani ya nyumba, ndilo linalochimba msingi mpya, na ndilo linalofukia mbegu mpya. Hakuna mashine nyingine ya kilimo inayoweza kukimbia begani.

Ipo sababu ya tano, nayo ni ukubwa wa mashamba yenyewe. Mkulima mwenye ekari mbili, moja bondeni na nyingine mlimani, si mteja anayefukuziwa na mwenye trekta. Msomaji anayedhani kwamba Ulaya wote wanalima kwa trekta anakaribishwa kufika Ulaya ya wilaya ya Kilosa, njia ya kwenda Mikumi, ajionee mwenyewe.

Bei ya kweli ya jembe

Pamoja na sifa hizo zote, haifai kulipamba jembe kana kwamba halina gharama. Hesabu ifuatayo inaweza kufanywa na kila katibu kwa kalamu yake. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Pigo moja la jembe likikatua eneo la sentimita 20 kwa 20, ekari hiyo inataka mapigo 101,175. Jembe pamoja na mpini likiwa na uzito wa kilo 2, mtu aliyemaliza ekari moja ameinua zaidi ya tani 200, kilo mbili kwa kila mara, na kila mara ameinama. Hayo ni malori 20 ya tani kumi kumi. Na hapo bado hajapanda, wala hajapalilia mara ya kwanza na ya pili.

Ikishaeleweka hesabu hiyo, swali linalofuata ni nani anayeinua tani hizo. Katika nyumba nyingi za Kilosa anayelima na kupalilia kwa muda mrefu zaidi ni mama, naye akitoka shambani anapitia kisimani na porini kuni. Daftari la wanachama wa chama cha msingi, hata hivyo, mara nyingi lina jina la baba. Fedha za ufuta au mbaazi zikishalipwa, anayetia sahihi ni mwenye jina. Ni jambo la kustaajabisha kwamba jembe limekuwa fedha, mahari, nembo na bendera, lakini aliyelishika bado anasubiri kuandikwa katika daftari. Sheria ya vyama vya ushirika haimzuii mke kuwa mwanachama pamoja na mumewe. Kinachozuia ni mazoea, na mazoea ya chama yanaweza kubadilishwa na mkutano mkuu wa chama.

Jembe lina kosa jingine la kitaalamu. Likipiga kina kile kile mwaka baada ya mwaka, chini ya udongo laini hutokea tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi hupenya kwa shida na maji hayashuki. Mbegu bora, hata ile iliyotolewa na watafiti wa Ilonga kwa miaka mingi ya kazi, ikikuta tabaka hilo hunyauka mapema wakati wa jua. Kwa sababu hiyo mkulima anashauriwa kubadili kina, na kila baada ya misimu kadhaa kuchimba mstari wa kupandia kwa kina zaidi. Hapo ndipo penye nafasi ya kukodi mashine kwa pamoja: si kulima kila kitu kila mwaka, bali kulivunja tabaka hilo katika mashamba ya tambarare yanayopakana, siku moja, kwa bei iliyopatanwa na chama badala ya mkulima mmoja mmoja.

Katibu na ghala la majembe

Chama kinachonunua majembe kwa pamoja kabla ya msimu hupata bei nafuu, lakini kinaweza pia kupata majembe mabaya kwa pamoja, na hasara yake ni kubwa kuliko ya mtu mmoja aliyedanganywa dukani. Kwa hiyo kamati isinunue kwa kutazama rangi. Rangi ni ya kuficha. Jembe liningʼinizwe kwa kamba na kugongwa kwa chuma. Lililo zima hulia, lenye ufa hukohoa. Makali yajaribiwe kwa tupa: tupa ikila chuma kama inakula kibiriti, bapa hilo litajikunja kwenye jiwe la kwanza. Tundu la mpini litazamwe kwa makini, kwa sababu ndipo majembe dhaifu hufia, hasa yale yaliyounganishwa kwa kuchomelea badala ya kufuliwa kipande kimoja. Mpimaji mmoja wa kamati alime nalo kweli kweli kwa nusu saa kabla ya chama kulipia mia moja.

Wahunzi wa vijijini wasisahauliwe. Jembe lililofuliwa kwa springi ya gari kuukuu mara nyingi linashinda la dukani kwa kudumu. Masharti ni kwamba chuma kiwe cha halali. Reli na vifaa vyake vina mwenyewe, na mwenyewe ni Serikali.

Mpini mara nyingi haupewi uzito unaostahili, ilhali ndio unaoamua afya ya mgongo. Mpini mfupi humkunja mkulima, naye huona ni kawaida kwa kuwa mama yake alikunjwa vilevile. Mpini ukisimamishwa chini ufike kiunoni au kuzidi. Mkole ni mti mzuri kwa kazi hiyo, mgumu na usiopasuka upesi. Ukatwe mapema, ukaushwe kivulini, ndipo utiwe kwenye tundu na kukazwa kwa kabari. Mpini mbichi hukaza Jumatatu na kuchomoka Ijumaa, na jembe lililochomoka linaruka bila kuangalia cheo cha mtu aliye mbele.

Katika vitabu, majembe yaandikwe kama bidhaa nyingine yoyote: yaliyopokelewa, yaliyotolewa, jina la aliyepokea, sahihi au dole gumba, na salio. Salio la kitabu na salio la ghala yakikosana, jibu lisiwe kwamba panya wamekula. Majembe ya mkopo yaandikwe bei na tarehe ya kulipa, na makato yafanywe kwenye mauzo ya mazao kwa idhini ya mwanachama iliyoandikwa. Pia ni vyema chama kiwe na daftari dogo la majembe yaliyochakaa. Jembe halifi siku moja. Huliwa na udongo milimita kwa milimita, na chuma chake hubaki shambani kama mbolea isiyo na faida. Likifupika hufaa kupalilia, likizidi kufupika hufaa bustani, na kipande cha mwisho humfaa mhunzi kutengenezea kisu. Chama kinachokusanya vipande hivyo na kumpelekea mhunzi kwa mapatano hupunguza bei ya jembe jipya.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya mafunzo

Kila kikundi kijibu kwa kutumia hali ya kijiji chake, na majibu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu. Je, msimu uliopita chama kilinunua majembe mangapi, na mangapi yalivunjika kabla ya palizi ya pili? Nani aliyeyachagua, na je, yeye mwenyewe analima? Katika daftari la wanachama, ni akina mama wangapi walioandikwa kwa majina yao wenyewe, na idadi hiyo inalinganaje na ya wale wanaoonekana mashambani asubuhi? Ni mashamba gani ya kijiji yaliyo tambarare na yanayopakana, ambayo yangeweza kukodiwa trekta kwa siku moja, na nani atazungumza na mwenye trekta kabla ya Septemba? Na endapo barua nyingine ya kulistaafisha jembe itafika, chama kingependa kuuliza nini kabla ya kutia sahihi?